Fimbo na rili ya kwanza ya stilihedi: ipi ununue bila kuumiza mfuko?

Kwa anayetaka kuanza kumvua stilihedi, yule trauti mkubwa anayerudi mtoni kutoka baharini, na hana muda wa kusoma yote, jibu langu ni hili: nunua fimbo ya spini ya futi 9 na inchi 6 iliyoandikwa pauni 8 hadi 12 (ndiyo nguvu ya mshipi inayoufaa), uifunge rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, ya saizi 3000 yenye breki laini, na jumla isipite dola 200. Kwa fedha hizo unapata Okuma Celilo au Okuma SST upande wa fimbo, na Shimano Sedona au Pflueger President upande wa rili. Mwenye dola 60 au 70 tu naye ana njia, ila ina masharti yake, na nitayaeleza.

Naandika kwa ajili ya wenzetu walioko Kent, Tukwila, Tacoma na Portland, kaskazini magharibi mwa Marekani, kwa sababu wengi wamekulia kando ya maji. Yupo wa Kigoma, wa Kalemie, wa Lamu, wa Kisumu. Kuvua wanakujua tangu utoto. Shida inaanzia dukani. Mtu anakuta ukuta mzima wa fimbo zinazofanana, muuzaji anamsogeza kwenye ya dola 300, naye akiogopa bei anachukua ile ya dola 40 iliyofungwa pamoja na rili kwenye plastiki. Ya kwanza hana haja nayo mwaka huu. Ya pili ilitengenezwa kwa samaki wadogo wa bwawani, na stilihedi si samaki wa bwawani.

Samaki huyu anadai nini

Stilihedi ni trauti wa rangi za upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, jamii moja na yule aliyepelekwa na walowezi wa Kiingereza kwenye mito ya baridi ya Aberdare na Mlima Kenya. Kinachowatofautisha ni maisha tu. Stilihedi huzaliwa mtoni, akashuka baharini, akala huko mwaka mmoja, miwili au mitatu, kisha akarudi mtoni kutaga akiwa na mwili wa bahari. Trauti wa mtoni kule Nyeri mara nyingi anatosha kwenye sahani. Stilihedi wa kawaida ana kilo 3 hadi 5, na wapo wanaopita 9. Samoni wa Pasifiki akishataga anakufa. Stilihedi anaweza kurudi baharini na kupanda tena mwaka mwingine.

Wavuvi wa huku humwita samaki wa mirusho elfu moja, na hawatii chumvi sana. Msimu wa baridi, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, maji ya mito kama Skykomish au Cowlitz yanaweza kuwa na nyuzi joto 4 au 5 tu. Unarusha tangu alfajiri, mchana unaingia, hujaguswa. Kisha anagusa mmoja, pengine ndiye pekee wa wiki hiyo. Hapo ndipo utajua kama ulinunua vizuri.

Kwa hiyo vifaa vyako vinabanwa pande tatu. Viwe vyepesi kiasi cha kurushwa kutwa bila kuumiza bega. Viweze kumzuia samaki wa kilo 4 anayekimbia na mkondo. Na vifanye hayo yote kwa lida nyembamba, yaani kile kipande cha mwisho cha mshipi kinachofungwa ndoano, kwa sababu maji yakiwa maangavu lida ya pauni 8 au 10 ndiyo isiyomshtua. Nguvu ya kumshinda haitoki kwenye unene wa mshipi. Inatoka kwenye fimbo inayopinda kwa kina na breki inayoachia kwa utulivu.

Kuna upande wa nne ambao maduka hayautaji: sheria. Stilihedi wa Puget Sound waliwekwa mwaka 2007 kwenye orodha ya shirikisho ya viumbe walio hatarini. Katika mito mingi ya Washington unaruhusiwa kubaki na samaki wa kufugwa tu, yule aliyekatwa pezi dogo la mafuta lililo mgongoni karibu na mkia. Mwenye pezi hilo zima ni wa asili, na lazima umwachie bila hata kumtoa majini. Ukimvua kwa fimbo dhaifu utahangaika naye muda mrefu mpaka achoke kabisa, na samaki aliyechoka hivyo anaweza kuondoka mikononi mwako akiogelea, kisha afe mbele ya safari. Ndiyo maana napinga ushauri wa “anza na fimbo nyepesi yoyote, mradi uanze”. Kwa samaki huyu, fimbo isiyotosha ina madhara.

Spini au beitikasta?

Hili nalimaliza haraka. Rili ya spini ndiyo inayoning'inia chini ya fimbo, na spuli yake, yaani kigurudumu kinachokunjiwa mshipi, haizunguki wakati wa kurusha. Beitikasta hukaa juu, na spuli yake huzunguka kwa kasi mshipi unapotoka. Wazoefu wengi wa stilihedi hupenda beitikasta, kwa sababu unaachia mshipi kwa kidole gumba na unaongoza chambo kwa usahihi mkubwa. Lakini anayeanza akichelewa kuizuia spuli, mshipi unavurugana ndani yake, na kuufumua kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi kunakula nusu saa. Tena beitikasta za bei nafuu hazipendi kurusha vitu vyepesi chini ya nusu aunsi, na jigi nyingi za stilihedi (ndoano zenye kichwa cha risasi) ni nyepesi kuliko hapo. Nunua spini. Beitikasta itakungoja.

Urefu kabla ya jina

Watu hubishana kuhusu kampuni. Mimi nasema anza na urefu, kwa sababu urefu ndio unaoamua utavua kwa njia gani.

Fimbo ya futi 8 na inchi 6 ni nzuri kwa kurusha vijiko na spina, vile vyambo vya chuma vinavyometa, na kwa mito midogo yenye matawi ya miti kichwani. Ni rahisi kuibeba porini. Ukiiweka kwenye boya, inakulemea. Boya linapoelea na mkondo, mshipi uliolala juu ya maji hukokotwa na maji ya katikati yanayokwenda kasi kuliko maji ya pembeni, na boya linavutwa lisifuate mwendo wa kawaida. Samaki anaona chambo kinachokimbia kuliko kila kitu kilichomzunguka, anakiacha. Dawa yake ni kuinua mshipi utoke majini, na hapo kila inchi ya fimbo ina maana.

Futi 10 na inchi 6 ndiyo fimbo hasa ya boya. Unainua mshipi mrefu bila shida, na ikipinda inalinda lida nyembamba ajabu. Ila ukiitumia kurusha vijiko kutwa mkono unachoka, na kwenye kichaka inakuudhi.

Katikati kuna futi 9 na ile ya 9 na inchi 6. Anayejua kwamba atavua kwa vijiko na chubwi tu (risasi inayozamisha chambo hadi chini) achukue ya 9. Asiyejua bado, na mwanzoni hakuna anayejua, achukue ya 9 na inchi 6. Inarusha kijiko cha nusu aunsi bila kulalamika, na inainua mshipi wa boya kwa umbali wa kutosha kwa mito kama Green, Sandy au Clackamas.

Maandishi yaliyo juu kidogo ya mpini yasome mwenyewe, usimtegemee muuzaji. Unatafuta mistari miwili. Wa kwanza ni nguvu ya mshipi: pauni 8 hadi 12 ndiyo ya matumizi yote, 6 hadi 10 ni laini zaidi, nzuri kwa boya na maji maangavu, 10 hadi 20 ni ya samoni wakubwa, iache. Wa pili ni uzito wa chambo: robo hadi robo tatu ya aunsi, au tatu ya nane hadi robo tatu. Ukikuta ugumu umeandikwa kwa jina, chagua wa kati au ule ulio chini yake kidogo. Fimbo iwe ya vipande viwili, kwa sababu ya futi 9 na inchi 6 isiyokunjika haiingii kwenye Corolla, na mlango wa gari umevunja ncha nyingi za fimbo kuliko samaki.

Seti ya kwanza: ya kwenye plastiki, dola 50 hadi 70

Jina linalostahili kutajwa hapa ni Ugly Stik GX2. Fimbo za Ugly Stik ziko sokoni tangu 1976 na zimejijengea sifa ya kutovunjika, sifa ambayo ni ya kweli. Ni mchanganyiko wa grafaiti na faibaglasi, pete zake za kupitishia mshipi ni chuma kitupu kisicho na kauri ya kupasuka, na dhamana yake ni miaka 7. Mtoto anaweza kuikanyaga.

Kasoro iko kwenye urefu. Seti nyingi za GX2 unazozikuta dukani ni za futi 6 hadi 7. Kwa mtu anayesimama ukingoni Cowlitz na mkondo wa mita 20 mbele yake, futi 7 haiinui mshipi wowote. Pia faibaglasi ni nzito na inameza habari: ukivua kwa chubwi linalogusa mawe ya chini, tofauti ya jiwe na mdomo wa samaki unaisikia kwa shida, na wakati wa baridi stilihedi hagongi kwa nguvu, anasimamisha tu mshipi. Rili inayokuja nayo inafanya kazi, ila breki yake ndiyo sehemu iliyokatwa gharama.

Masharti niliyoyataja mwanzo ni haya. Kama hiyo ndiyo fedha iliyopo, chukua ndefu kuliko zote utakazoziona, ng'oa mshipi uliokuja nao na uweke mpya wa pauni 10, kisha uvue kwa spina na vijiko tu, kwenye mito midogo, majira ya joto ambapo samaki ana ari. Kwa namna hiyo seti inakulipa.

Na kabla hujalipa, muulize muuzaji kama wana Ugly Stik Elite ya samoni na stilihedi. Hii ni fimbo nyingine, hata kama jina linafanana. Ina grafaiti nyingi kuliko GX2, mpini wa ile nyenzo ya vizibo vya mvinyo usioganda mkononi, na inapatikana kwa urefu unaoutaka. Peke yake huwa kati ya dola 60 na 80. Ukiifunga rili ya Shimano Sienna unafika dola 110 hivi, na kwa mwenye watoto wanaoshika kila kitu, au anayevua akitokea kazini na fimbo ikikaa kwenye buti ya gari mwaka mzima, hii pengine ndiyo ya kununua kuliko zote ninazozilinganisha.

Seti ya pili: Celilo na Sedona, dola 125 hadi 165

Fimbo ya Celilo ni ya grafaiti, bei yake huzunguka dola 60 hadi 80. (Imebeba jina la maporomoko ya Celilo kwenye mto Columbia, ambako wenyeji wa asili walivua samoni kwa nyavu za mkono kwa maelfu ya miaka, wakisimama juu ya majukwaa ya mbao, mpaka bwawa la The Dalles lilipoyafunika kwa maji Machi 1957. Ukipita barabara ile ya mtoni, jua kwamba chini ya maji yale yaliyotulia kuna mahali palipolisha watu wengi.)

Ninachokipenda kwa Celilo ni jinsi inavyopinda. Haipindi nchani tu. Pinde linashuka mpaka karibu na mpini. Anayeanza huvuta kwa pupa samaki anaposhika, na fimbo ya namna hii inameza pupa hiyo kabla haijafika kwenye lida. Kwa kazi ya boya na ya spina sioni sababu ya kulipa zaidi. Udhaifu wake unajitokeza kwenye chubwi: ni nzito kidogo kuliko zinazoifuata kwa bei, na ujumbe kutoka chini ya mto unafika umefifia.

Rili ya Sedona, dola 65 hadi 85, ni ya mwendo mrefu. Gia yake Shimano huifua kwa shinikizo badala ya kuimwaga kwenye ukungu, na ndiyo maana baada ya misimu kadhaa ya mchanga na mvua bado inazunguka bila kukwaruza. Sedona ina beringi chache, na wengi huitoa kwenye orodha kwa sababu hiyo. Usifanye hivyo. Idadi ya beringi ni tarakimu ya kuuzia. Nne nzuri zinashinda kumi za hovyo, na kinachokuhusu hasa ni gia na breki.

Seti ya tatu: SST na President, dola 150 hadi 200

SST ni ya Okuma pia, ila hapa wametumia grafaiti ya daraja la IM8, na ncha imeimarishwa isivunjike kirahisi. Inauzwa na mpini wa aina mbili: ule wa nyenzo ya vizibo na ule uliovikwa kaboni. Chukua wa kwanza, kwa sababu ule wa kaboni ukilowa asubuhi ya Januari ni baridi tupu. Dola 90 hadi 120.

Ukizishika SST na Celilo, moja kila mkono, tofauti ya uzito unaisikia lakini haikushtui. Tofauti ya kweli inakuja chubwi linapotembea juu ya kokoto. Kwa SST kila kokoto inagonga kiganja: tak, tak, tak. Kisha tak inayofuata haiji. Ukimya huo ndio samaki. Kwa Celilo ukimya huo unaweza kuupita bila kujua. Anayetaka kujifunza njia ya chubwi, ambayo ni njia kongwe na yenye samaki wengi katika mito ya pwani hii, apate hizi dola 30 au 40 za ziada popote atakapozipata.

Rili ya Pflueger President, dola 60 hadi 80, chukua ile yenye namba 35. Kila kampuni ina namba zake, na 35 ya Pflueger hukaa karibu na 3000 ya Shimano. Ni nyepesi, ina beringi nyingi, na mzunguko wake ni laini tangu siku unayoitoa kwenye boksi. Breki yake kwa bei ile ni nzuri sana. Nikiziweka President na Sedona mezani, President inakupendeza mkononi leo, Sedona nadhani itakuwa hai baada ya miaka mingi ya kutotunzwa. Anayefuta rili yake na kuitia mafuta tone moja mara kwa mara achukue President. Asiyefanya hivyo achukue Sedona, na hakuna dhambi kuzichanganya: SST na Sedona ni ndoa njema pia.

Juu ya hapo kuna Berkley Air, Lamiglas X-11, rili za Shimano Nasci na Daiwa Fuego. Ni vifaa bora. Kwa mwaka wa kwanza havikuongezei samaki.

Breki, maana hapa ndipo samaki hupotea

Aliyevua kwa mshipi wa mkono haelezwi breki ni nini. Samaki mkubwa akikimbia unauachia mshipi upite kati ya vidole huku ukibana kiasi. Ukishikilia unakatika au unakukata wewe, ukiachia ovyo ndoano inachomoka. Breki ya rili ndiyo vidole hivyo.

Kwenye boksi utaona imeandikwa uwezo wa juu wa breki, pauni 15, pauni 20. Usinunue kwa namba hiyo. Kwa lida ya pauni 8 au 10, breki hukazwa mpaka robo au theluthi ya nguvu ya lida, yaani pauni 2 hadi 3 na kidogo tu. Rili zote nilizozitaja zinafika hapo. Zinachotofautiana ni jinsi zinavyoachia. Breki mbaya hushika kwanza, kisha huachia ghafla, kisha hushika tena, na katika ule mshiko wa kwanza, samaki akiwa ameshapata kasi, lida inakatika.

Ipime hapo hapo dukani, hawakatazi. Funga rili kwenye fimbo, pitisha mshipi kwenye pete zote mpaka nchani, kaza breki kidogo. Mpe mwenzako mwisho wa mshipi atembee nao pole pole huku wewe umeinua fimbo. Usimtazame yeye, tazama ncha. Ikishuka na kutulia kwenye pinde moja wakati spuli inazunguka, breki ni laini. Ikitikisika juu na chini, inashika na kuachia, irudishe rafuni. Mwambie asimame, kisha aanze tena. Ule mwanzo ndio mtihani. Breki nzuri inaanza kuachia bila mgongano wowote.

Na mkiisha kuvua jioni, legeza breki kabisa. Vile visahani vya ndani vikikaa vimebanwa msimu mzima vinagandamana, na rili nzuri inageuka mbaya kwa sababu ya uvivu wa sekunde tatu.

Mshipi

Monofilamenti ya pauni 10 kwa kuanzia. Inanyumbulika, inasamehe, bei yake ni ya chini, na rili ya saizi 3000 inabeba yadi 120 hadi 140 hivi. Braidi ni nyembamba na inaelea, kwa hiyo kwenye boya ni bora kuliko mono, na wazoefu huitumia. Ila hainyumbuliki hata kidogo, na asubuhi ya barafu inabeba maji ambayo yanaganda kwenye pete. Ibadilishe mwaka wa pili.

Walioko Maziwa Makuu ya huku

Kwa ndugu walioko Michigan, Ontario au kaskazini mwa New York, hesabu inabadilika. Stilihedi waliletwa kule kutoka Pasifiki mwishoni mwa karne ya 19, wakayageuza maziwa kuwa bahari yao. Mito yao mingi ni midogo na myepesi kuliko ya huku, maji ni maangavu, na lida hushuka hadi pauni 6 au chini. Kwa hiyo fimbo zao ni ndefu na laini: futi 10 na inchi 6 hadi 13, za pauni 4 hadi 8 au 6 hadi 10. Aendaye Salmon River kule Pulaski na fimbo yangu ya pauni 8 hadi 12 ataweza kuvua, lakini atakata lida mara nyingi kuliko jirani yake. Rili haibadiliki.

Za mitumba

Fimbo ya mtumba ya jina zuri inaweza kuzishinda zote nilizozitaja. Katika mji mdogo wa Woodland, Washington, zilitengenezwa kwa miaka mingi fimbo za Lamiglas na G. Loomis, majina mawili makubwa ya fimbo za stilihedi, na fimbo zao za zamani huonekana kwenye masoko ya uani na maduka ya rehani kwa bei ya Celilo mpya. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete: kikinasa nyuzi, pete imepasuka na itakata mshipi. Tazama maungio ya vipande viwili kama yana ufa mwembamba. Pinda fimbo taratibu kwenye zulia na usikilize kama inalia. Ikipita hapo, nunua.

Rili ya mtumba sikushauri, isipokuwa ya mtu unayemjua. Maji ya chumvi yakishaingia ndani hayaonekani nje.

Zitakazobaki zifanye nini

Ukichukua seti ya pili badala ya ya tatu, zinakubaki dola 30 hivi. Leseni na kadi ya kuandika samaki uliyempata ulishaziweka kando, maana bila hizo huendi mtoni. Kadi ya stilihedi inatakiwa hata kwa mtoto ambaye hahitaji leseni. Pitia pia matangazo ya dharura ya idara ya samaki ya jimbo usiku kabla hujatoka, kwa sababu mto uliokuwa wazi Jumatatu unaweza kufungwa Ijumaa. Ndoano zisizo na chembe, kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke, ni kitu cha dola chache na mito mingi inazidai.

Zile dola 30 zipeleke kwenye usalama. Mito hii si ziwa la nyumbani. Maji yake yanatoka kwenye theluji, mawe yake yana utelezi wa mwani, na mtu aliyevaa suruali ya mpira ya kifuani akianguka, maji yanaingia kwa juu. Mkanda uliokazwa kiunoni juu ya suruali hiyo unazuia maji yasijae haraka. Fimbo ya kutembelea, hata ya mbao, inakupa mguu wa tatu mkondoni. Na kama huogelei vizuri, vaa jaketi la kuokolea ukiwa ukingoni, usingoje mpaka upande boti.